Furu wa Ziwa Letu na Swali la Uumbaji Darasani

Hii ni hotuba iliyotolewa jijini Mwanza mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na viongozi wa dini. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani hazimo.

Mwangaluka!

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu walimu, wazazi, na ninyi mashehe, mapadri na wachungaji mlioitikia mwaliko huu, karibuni na asanteni kwa kuja. Naanza na swali ambalo kila mwalimu wa Biolojia humu ndani analijua. Unafundisha mageuko. Kijana wa benchi la nyuma anasimama: "Mwalimu, nyumbani na kwenye ibada tumefundishwa kwamba Mungu aliumba kila kiumbe kwa aina yake. Wewe unatuambia viumbe vimetokana na viumbe vingine. Sasa nani anatudanganya?" Darasa zima kimya. Macho sitini yamekukodolea.

Utamjibuje?

Wapo wanaomkalisha: "Kaa chini, usilete dini hapa." Wapo wanaosema: "Andikeni hivi kwa ajili ya mtihani, mkitoka nje aminini mnachoamini." Na wapo, nadhani ndio wengi, wanaoandika ubaoni: nadharia ya kwanza, uumbaji, nadharia ya pili, mageuko. Kengele inalia, ubao unafutwa, basi. Hata kwenye Historia, asili ya binadamu katika madarasa mengi hufundishwa kwa mtindo huohuo: moja, mbili, chagua.

Wa kwanza anamwaibisha mtoto. Wa pili anamzoesha unafiki. Wa tatu anaonekana mtu wa haki, kumbe ndiye anayemnyima mtoto kitu kikubwa zaidi, maana anamwachia dhana kwamba sayansi ni orodha ya maoni na kila mtu ajichagulie.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili asiwepo wa kusema amezungushwa. Uumbaji usifundishwe kama sayansi. Na swali la mtoto kuhusu uumbaji lijibiwe, kwa heshima na kwa muda wa kutosha. Ni mambo mawili, na taabu yetu yote inatokana na kuyachanganya.

Kwa nini usifundishwe kama sayansi? Twende ziwani kidogo. Mvuvi wa dagaa anasema: "Usiku huu dagaa wako kusini ya kisiwa." Huyu amejiweka mahali pa kuumbuka. Taa zikiwaka, wavu ukipanda mtupu, amekosea, na kila aliyemo mtumbwini anajua amekosea. Mwenzake anasema: "Dagaa wako pale Mungu alipopenda wawe." Hajasema uongo. Pengine amesema jambo kubwa kuliko la mwenzake. Lakini hakuna wavu wa kumsahihisha, na kwa kauli hiyo huwezi kuamua upeleke mtumbwi wapi saa mbili usiku.

Swali la sayansi ni hilo moja: ungejuaje kama umekosea? Naomba mlishike, maana nitalirudia. Ungejuaje kama umekosea?

Tuangalie lilivyofanya kazi hapahapa nchini. Tarehe 17 Julai 1959, kwenye Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu umechomoza kwenye mteremko. Fuvu lile, la kiumbe wa kale anayefanana na binadamu, likaitwa Zinjanthropus. Mumewe, Louis, alikadiria umri wake kuwa miaka 600,000 hivi, akasema huyu ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizokutwa pale. Mwaka 1961 maabara ya Marekani ikapima majivu ya volkano ya tabaka lile na kupata miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makadirio! Kisha ikapatikana mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 Louis Leakey mwenyewe na wenzake wakampa jina Homo habilis, wakamkabidhi yeye zile zana. Ndani ya miaka mitano, mtu maarufu amekosea mara mbili juu ya ugunduzi uliompa umaarufu, na kosa la pili amelirekebisha kwa mkono wake.

Upimaji wenyewe tuueleze vizuri, maana wanafunzi wanauliza na sisi tunarukaruka. Majivu ya volkano yana madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, iitwayo potasiamu 40, hubadilika polepole. Nusu yake huisha kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu ya inayobadilika huwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado limeyeyuka, gesi inatoroka. Likipoa na kuganda, gesi inanaswa ndani. Kwa hiyo pima agoni iliyonaswa, pima potasiamu iliyobaki, piga hesabu. Kinachoharibu ni mambo mawili. Punje ya jiwe la zamani zaidi ikichanganyika na majivu, umri unatoka mkubwa mno. Jiwe likimomonyoka na gesi ikavuja, umri unatoka mdogo mno. Ndiyo maana siku hizi hupimwa punje moja moja, nyingi, kisha zinalinganishwa. Mnaona? Njia imebeba ndani yake orodha ya namna inavyoweza kukosea.

Sasa tuligeuzie swali hilohilo fundisho linaloitwa sayansi ya uumbaji, lile la dunia yenye miaka 6,000 hadi 10,000 na viumbe vilivyotokea kila kimoja peke yake. Ungejuaje kama umekosea? Taasisi kubwa za Marekani zinazolieneza zimeandika katika tamko lao la imani kwamba ushahidi wowote unaopingana na Maandiko haukubaliki. Nawaheshimu kwa kusema wazi. Lakini wamejibu swali letu wenyewe: hakuna kitakachowaonesha wamekosea. Basi hiyo ni imani, na imani ina heshima yake. Kuivika koti jeupe la maabara ni kuipunguzia heshima hiyo.

Ndugu zangu, sasa tufike kwa furu.

Samaki huyu tunamdharau. Mdogo, miba tele, kwa sato haingii na kwa sangara haingii. Lakini kote duniani, atakayeandika kuhusu mageuko lazima afike kwa furu wa Ziwa Victoria. Walihesabiwa kufikia spishi 500 hivi, karibu zote haziko popote pengine duniani. Wapo wanaokwangua ukoga kwenye miamba, wanaovunja konokono, wanaochuja vijidudu vya majini, wanaokula furu wenzao, na wapo wanaowanyang'anya akina mama mayai yaliyomo mdomoni. Maana furu jike hubeba mayai mdomoni, hilo mnalijua.

Ziwa lenyewe ni kubwa, takriban kilomita za mraba 68,800, lakini ni sahani: kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Watafiti walipotoboa tope la chini kabisa na kutoa kipande chake kirefu kama nguzo, walikuta chini ya tope la ziwa kuna udongo wa nchi kavu, uliopasuka kwa ukame, wenye alama za mizizi. Ziwa hili lilikauka. Lilijaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Sasa jiulizeni: kama ziwa lilikauka, hawa furu wote wametoka wapi, kwa muda mfupi hivyo?

Hapo ndipo wale wanaotaka mjadala darasani wanapaswa kuutafuta, kwa sababu mjadala wa kweli upo na ulikuwa mkali. Mwaka 1996 taarifa ya ule udongo mkavu ilipochapishwa, wengine walisema haiwezekani, muda hautoshi. Mwaka 2003 wataalamu wa jeni wakaleta hoja kwamba ukoo wa furu hawa ni wa zamani kuliko ukame, na chimbuko lake ni upande wa Ziwa Kivu. Ikabaki hivyo kwa miaka. Mwaka 2017 kazi ya kina ya DNA ikaonesha njia ya kupatanisha: koo mbili za furu zilizotengana zamani, moja yenye asili ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile, zilikutana na kuzaliana kabla spishi hizi hazijatokea. Machotara hao walikuwa na mchanganyiko mwingi wa jeni, kwa hiyo ziwa lilipojaa hapakuwa na haja ya kusubiri kila badiliko jipya. Viungo vilikuwa jikoni tayari. Huo ndio mjadala. Una pande, una miaka, na kila upande ulijua ni kipimo gani kitauangusha.

Niwaoneshe wawili kwa karibu. Ghuba ya Mwanza, kwenye visiwa vya Python, wapo furu wawili wa majabali wanaofanana umbo. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume lake ni la kibuluu. Wa pili ni Pundamilia nyererei, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Jina la pili mmelisikia vizuri. Alipoelezwa kitaalamu mwaka 1985 alipewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa ibada, kanisa lake leo linamwita Mtumishi wa Mungu. Na samaki mwenye jina lake ni mmoja wa mifano bora duniani ya jinsi spishi moja inavyogawanyika ikawa mbili.

Inakuwaje? Maji ya ziwa letu hunyonya mwanga wa buluu upesi. Karibu na uso buluu ipo. Ukishuka mita chache, kinachobaki zaidi ni mwanga wa rangi ya chungwa na nyekundu. Yule wa buluu huishi juu, mwekundu huishi chini yake. Jeni ya jicho inayopokea mwanga mwekundu inatofautiana kati yao, kila mmoja ana jicho la kina chake. Na jike huchagua dume kwa rangi. Watafiti wakasema: kama ni rangi kweli inayowatenga, tukiondoa tofauti ya rangi, majike yatachanganyikiwa. Wakaweka samaki kwenye tangi chini ya mwanga wa kawaida, jike akamfuata dume wa spishi yake. Wakabadilisha taa, ikawa ya rangi moja ya chungwa, dume wa buluu na dume mwekundu wakaonekana sawa. Jike akapoteza uchaguzi wake. Lingeweza kutokea vingine! Jike angeendelea kuchagua vilevile, wazo lingeanguka hapohapo.

Tena ziwa lenyewe limefanya jaribio hilo. Kisiwa cha Makobe, Ghuba ya Speke, maji ni safi kiasi, na hao wawili wako mbalimbali kabisa. Nenda kisiwa cha Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni tope: hupati wawili, unapata kundi moja la mchanganyiko, rangi zimefifia. Udongo wa mashamba, mbolea na maji taka yakiingia ziwani, majike hayaoni, mipaka ya spishi inayeyuka. Kwa hiyo mtoto anayejifunza mageuko hapa Mwanza anajifunza pia kwa nini mto unaotiririsha tope ni jambo zito.

Na sangara? Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akafumuka miaka ya 1980, na inakadiriwa spishi 200 hivi za furu zikapotea au kubaki chache mno. Huzuni hiyo tunaishi nayo. Lakini baadhi waliosalia walirudi wakiwa wamebadilika: furu mmoja wa ghuba hii, ambaye zamani alikula vijidudu vidogo, alipochunguzwa upya alikuwa na matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini, yenye eneo kubwa kwa zaidi ya nusu kuliko ya mababu zake wa miaka ya 1970, kwa maji ambayo hewa yake imepungua. Mababu wapo kwenye chupa za makumbusho, mnaweza kulinganisha.

Najua swali linalokuja: "Mwalimu, lakini bado ni furu." Ni swali halali, msilicheke. Jibuni hivi: miaka 15,000 ni muda mfupi sana, mageuko yenyewe yanabashiri kwamba kwa muda huo utapata furu wa aina nyingi, na hutapata mamba. Ungemkuta furu ameangua mjusi, nadharia ya mageuko ndiyo ingekuwa na kesi ya kujibu.

Na neno hilo, nadharia. Mtaani tukisema "hiyo ni nadharia tu" tunamaanisha haijafika kwenye vitendo. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyobeba vipimo vingi na kuvuka. Kwamba vijidudu huleta maradhi ni nadharia pia, na tunanawa mikono.

Nchi nyingine zimeshapita njia hii, na mahakamani. Sitaeleza zote. Mwaka 1981 jimbo la Arkansas, Marekani, lilipitisha sheria kwamba shule ikifundisha mageuko, ifundishe sayansi ya uumbaji kwa uzito uleule. Nani alikwenda kuishtaki? Wengi hudhani ni wasioamini. Aliyetangulia kwenye jalada ni mchungaji, William McLean. Pamoja naye maaskofu wa Kimethodisti, wa Kianglikana, wa Kikatoliki na wa kanisa la Wamethodisti Waafrika. Walikwenda kuilinda imani isifanywe somo la maabara. Mwaka 1982 Jaji William Overton akaifuta sheria ile, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikaifuta ya Louisiana iliyofanana nayo.

Baada ya hapo jina likabadilishwa, ikawa "usanifu wenye akili", yaani dai kwamba viumbe vimesanifiwa na mwenye akili. Mwaka 2005, mjini Dover, Pennsylvania, wazazi 11 walikwenda mahakamani kuipinga bodi ya shule iliyotaka wanafunzi waelezwe habari za usanifu huo. Mawakili wakaleta rasimu za kitabu kilichopendekezwa kwa wanafunzi. Rasimu za kabla ya hukumu ya 1987 zilisema uumbaji. Za baada yake, sentensi zilezile, zilisema usanifu. Mahali pamoja aliyefuta neno la zamani hakulimaliza, herufi zake zikabaki zimeng'ang'ania pande mbili za neno jipya. Jaji aliiona. Bodi ya shule ikashindwa, na gharama za mawakili wa wazazi zikazidi dola milioni 1. Fedha za madawati hizo!

Kwetu, Katiba Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano haina dini, na Ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuabudu na kueneza dini, ikiweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Sasa uumbaji upi ungeingia kwenye mtihani? Wa Biblia kwa siku za saa 24, au wa Wakristo wanaosema siku zile ni vipindi virefu? Wa Qur'ani, kwa tafsiri ya nani? Wa wazee wa Usukuma, wa Ukerewe, wa Ukara? Nani atasahihisha karatasi?

Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alikwisha kuwaonya Wakristo wasiyatumie Maandiko kubishana na wajuzi juu ya nyota na wanyama, wasije wakaifanya imani yenyewe ichekwe. Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1996, aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Vatikani kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kuwa roho ya mtu yatoka kwa Mungu. Simwambii mtu aamini nini.

Jambo moja la haraka, kwa wazazi hasa. Mnakumbuka klorokwini? Iliwahi kuponya malaria. Vimelea vilivyokuwa na badiliko dogo la jeni vilipona dawa, vikazaana, na mwaka 2001 nchi ikaiacha, ikaingia dawa nyingine, SP, na mwaka 2006 ikaamuliwa dawa mseto, yaani mchanganyiko wa dawa mbili, iitwayo ALu. Leo mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hilihili, wamekutwa vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, linalopunguza kasi ya dawa mseto. Hayo ni mageuko, yako kwenye damu ya mtoto. Selimundu nayo, ambayo kanda yetu inaijua vibaya: Anthony Allison alionesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo haikupotea penye mbu. Baba na mama wakiwa wote AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya selimundu, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto SS, mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa. Kila mimba, walimu, kila mimba! Wanafunzi huelewa kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata ni salama, na kosa hilo linaingia nao kwenye ndoa.

Turudi kwa yule kijana wa nyuma. Mjibu hivi: "Swali lako lina mawili ndani yake. Nani na kwa nini, hilo lipo kwenye kipindi cha dini, na kwa shehe au padri wako, muulize. Vipi na lini, hilo ni la hapa, na hapa tunajibu kwa vitu tunavyoweza kuvipima wote, Mkristo, Mwislamu na asiye na dini. Hakuna atakayekuhoji unaamini nini. Utaulizwa ushahidi unasemaje." Kisha usiishie hapo. Mpe samaki ashike.

Nunueni furu 20 asubuhi mapema mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki; ni kikundi cha watatu kwa samaki mmoja. Nusu watoke penye majabali, nusu penye tope, mifuko miwili yenye karatasi ya mahali, kwa sababu wakichanganyika somo limekwisha. Chukueni wanaolingana ukubwa, maana mdogo na mkubwa wa spishi moja wanaweza kula tofauti. Angalieni msiuziwe watoto wa sato: sato ana mistari ya wima mkiani, dume la furu lina madoa kama mayai kwenye pezi la chini, lile la nyuma ya tundu la haja. Formalini msiitumie, ni sumu, barafu inatosha.

Inua kifuniko cha matamvua, kata matao manne. Nyuma yake kuna mfupa wa pembetatu wenye meno: hilo ni taya la pili, la koromeoni. Liloweke kwenye maji ya moto dakika tano, lisafishe kwa mswaki wa zamani, likaushe. Ukilichemsha, meno yanang'oka, usilichemshe. Litazame kwa lenzi. Meno membamba yaliyochongoka? Meno butu mapana kama magego? Hapo kila kikundi kiandike kwa kalamu, siyo penseli: samaki huyu alikula nini. Ndipo mkate tumbo na kutafuta vipande vya konokono, vichwa vya wadudu, ukoga au tope. Wengine watapatia, wengine watakosea, wote waandike kilichopatikana. Msipoona tofauti yoyote kati ya majabali na tope, andikeni hivyohivyo kwamba haikuonekana.

Furu wa leo wako kwenye ndoo za barafu, mlango wa nyuma. Meza ni sita, mkasi ni mmoja kwa kila meza, maji ya moto yatakuja pamoja na chai. Mashehe na wachungaji, meza ya kwanza ni yenu, karatasi za ubashiri ziko juu yake. Karibuni.